Mradi wa mfadhili ukifika kijijini, ulizeni haya kabla ya kusaini

Huku Nyanda za Juu Kusini misaada ya serikali za nje tumeizoea, miaka ya 80 Danida ya Denmark walijenga maji ya mserereko (yanayoshuka yenyewe toka mlimani bila pampu) vijiji kibao vya Iringa na Mbeya, na mi naamini kabisa mradi unadumu pale kijiji kinapowabana watu wa mfadhili mapema, kwahiyo wenyeviti, watendaji na wanakamati hii ni yenu.

Wakija kujitambulisha ulizeni kwanza: mkiondoka nani analipa? Kama ni maji, bomba likipasuka au pampu ikigoma spea inauzwa wapi, fundi ni nani, na analipwa na mfuko gani? Pampu ambayo spea zake hazipo madukani Mbeya mjini wala Iringa mjini ikataeni, hata kama mfadhili anataka kampuni ya kwao ndo iuze, ombeni aina ambayo mafundi wetu wanaijua. Halafu mkubaliane bei ya ndoo siku hiyohiyo, hela iingie akaunti ya chombo cha watumia maji, na mtu wa RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) wa wilaya awepo kikao cha kwanza maana ndo atabaki nanyi, asiitwe siku ya kukata utepe tu.

Bajeti isomwe mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Yani mtu aseme wazi semina zinakula ngapi, posho ngapi, magari ngapi, na kwenye kazi yenyewe, mtaroni kwenye mabomba, inafika ngapi, kisha karatasi ibandikwe ofisi ya mtendaji. Msiogope kuonekana wakorofi jamani, Azimio la Paris la 2005 nchi wafadhili na nchi zinazopokea, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana msaada ufuate vipaumbele na mifumo ya nchi husika na pande zote mbili ziwajibike kwa matokeo. Ni haki yenu.

Ratiba nayo muiangalie. Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, wa Marekani Oktoba, sasa pesa ikichelewa kidogo tu mvua ishashika na lori la mabomba halipandi mlima, kwahiyo sisitizeni vifaa vifike kabla ya Novemba.

Kwenye afya ndo naumia zaidi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ghafla, wakati utafiti wa 2022/23 ulionyesha Njombe ina maambukizi ya VVU asilimia 12.7 na Iringa 11.1, juu kuliko mikoa mingine yote. Nendeni zahanati yenu mkaulize mhudumu yupi analipwa na mradi na yupi na serikali, muandike majina ya kazi zao, mshahara wa ile kazi na mwisho wa mkataba, mumpe diwani akaombe halmashauri ianze kubeba nafasi moja moja kila mwaka mradi ukiwa bado upo. Mpelekeeni mapema, bajeti ya halmashauri inapangwa miezi mingi kabla ya Julai, ukienda Mei ushachelewa.