Cherehani ya bibi imeganda? Kabla hujaitupa soma hapa

Zile cherehani nyeusi za chuma zenye maua ya dhahabu, ukishika gurudumu likagoma kuzunguka kila mtu nyumbani anasema imekufa. Mara nyingi haijafa wala nini, imeganda tu. Mafuta waliyoweka miaka hiyo yamekauka yakawa gundi ya kahawia, na vumbi la nyuzi limejaa kwenye meno yanayovuta kitambaa, lakini chuma chenyewe kizima kabisa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kusafisha na kusubiri, sio kufungua kila skrubu unayoiona.

Kama ni ya umeme usiichomeke kwanza. Mpira wa waya za zamani hukauka na kupasuka, ukiukunja unamomonyoka mkononi, na ukiona hivo hizo waya zibadilishwe na mtu anayejua umeme. Soma pia kibati cha mota kinasema volti ngapi, maana mota ya volti 110 ukiipa 220 unaiunguza. Kazi yote inayofuata unafanya kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono tu.

Piga picha kwa simu kila hatua kabla hujatoa kitu. Na bisibisi, jamani, iwe inajaa kwenye mfereji wa skrubu, isiwe ile nyembamba inayoteleza. Skrubu za Singer za zamani zina meno yao wenyewe, ukiharibu moja sio ya kwenda kununua tu dukani pamoja na misumari. Kama ni Singer kuna namba imegongwa kwenye kitako cha mashine upande wa kulia, itafute mtandaoni, itakupa mwaka na modeli, na ukishajua modeli kitabu cha maelekezo utakipata bila shida.

Haya, kugandua. Toa sindano, toa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini), fungua kile kifuniko cha upande wa kushoto ili uone fimbo ya sindano, alafu laza mashine kwa nyuma uangalie tumboni. Kila tundu la mafuta lililoko juu na kila sehemu chuma kinaposuguana na chuma, weka tone la mafuta ya taa au dawa ya kulegeza kutu, fanya mahali penye hewa na mbali na moto. Uache usiku mzima. Kesho yake shika gurudumu ulitikise mbele na nyuma kidogo kidogo bila kulazimisha, hata likisogea milimita moja ujue limekubali. Likigoma kabisa futa hayo mafuta, kausha vizuri, alafu pulizia joto la draya ya nywele kwenye chuma, ile gundi inalainika. Rudia. Kuna zinazofunguka siku hiyohiyo na kuna zitakazokula wiki, usije ukachukua nyundo.

Ikianza kuzunguka utaona maji ya kahawia yanatoka kwenye viungo, futa yote kwa kitambaa, zungusha tena, futa tena, mpaka yatoke masafi. Hapo ndo unaweka mafuta yenyewe ya cherehani, yale mepesi yasiyo na rangi, tone moja moja. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, hayo ndo yanageuka gundi upya, na oili ya gari ni nzito mno. Ile dawa ya kulegeza kutu nayo sio kilainishi cha kudumu, watu wengi wanaishia hapo alafu baada ya muda mfupi wanashangaa imeganda tena.

Sasa meno. Fungua skrubu za bati la sindano ulinyanyue, chini yake utakuta vumbi limeshindiliwa kama kapeti, wakati mwingine limefanana na chuma kabisa mpaka unadhani ni sehemu ya mashine. Lichokonoe kwa sindano nene na brashi. Baada ya hapo nenda kwenye shato, ile sehemu inayozunguka kubeba uzi kuzunguka bobini. Kipande kifupi tu cha uzi kikijibana nyuma yake mashine nzima inakaba, na wewe unahangaika na mafuta juu huko. Itoe, isafishe, tone moja la mafuta, rudisha. Ila skrubu zinazopanga shato na sindano zikutane saa ngapi usiziguse, haziharibiki kwa kukaa.

Gurudumu linazunguka lakini sindano haipandi? Angalia ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu, inalegezwa wakati wa kujaza bobini na watu husahau kuikaza. Kama umeikaza na bado, itoe, nyuma yake kuna washa, kile kipete bapa cha chuma, kigeuze nusu mzunguko, rudisha.

Sindano weka mpya, ya zamani hata ikionekana nzuri itupe. Nyingi za nyumbani zinatumia aina ya 15x1, ndio hiyohiyo inaandikwa 130/705H, namba 90/14 inatosha kwa pamba ya kawaida, ila modeli kongwe sana zina sindano zao kwa hiyo hakikisha kwenye kitabu. Upande bapa wa sindano uangalie kwenye shato, mfereji mrefu uwe upande uzi unakoingilia. Ukiigeuza haitashona hata mshono mmoja, na hapo ndo wengi wanaanza kulaumu mashine.

Ukipitisha uzi wa juu nyanyua mguu unaobana kitambaa, maana ukiwa chini vile visahani vya kikaza uzi vinakuwa vimebanana na uzi unapita juu juu. Jaribu kwenye vipande viwili vya pamba, shika ncha zote mbili za uzi kwa mishono ya kwanza. Nyuzi zikijikunja chini ya kitambaa tatizo huwa juu, aidha uzi haujakaa kwenye visahani au kuna uchafu katikati yao, kwa hiyo pitisha upya kabla hujagusa skrubu ndogo ya kesi ya bobini, kile kikasha kinachoishika. Hiyo skrubu ukilazimika kuigusa, robo mzunguko tu.

Mwili ufute mwisho, na kwa mafuta hayohayo ya cherehani kwenye pamba. Spiriti na sabuni zenye amonia zinayeyusha vanishi na kuondoka na maua yote, na yakishatoka hayarudi. Kama ni ya kukanyaga, mkanda wa ngozi uliolegea ukate kidogo uunge upya kwa pini yake, usibane sana maana pedali itakuwa nzito, na viungo vya chini navyo vinataka tone lake la mafuta. Nguo nzuri isubiri kidogo, siku za mwanzo mafuta yatadondoka kwenye kitambaa, shonea matambara mpaka yaache.