Mtoto Asipolia: Kumhudumia Mzazi Aliyefiwa na Kichanga, Kuanzia Leba hadi Wiki ya Sita

Mwongozo huu ni wa wauguzi na wakunga wa wodi za wazazi, hasa zile ambazo vitanda vimebanana, chumba cha faragha hakuna, na muuguzi mmoja ana wazazi wengi kwa zamu. Karibu kila kilichoandikwa hapa kinahitaji kanga, maji vuguvugu, karatasi na dakika chache. Tumemlenga zaidi mama ambaye mtoto amefia tumboni au amekufa muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mengi yanamhusu pia yule ambaye mimba imetoka kabla ya wiki 28, ambaye mara nyingi husafishwa na kuruhusiwa bila hata kuambiwa pole.

Kutoa habari

Usiposikia mapigo ya mtoto kwa fetoskopu au dopla, shika mshipa wa mkono wa mama huku ukisikiliza tena. Moyo wa mama mwenye hofu huenda mbio, na ni rahisi kudhani mapigo yake ni ya mtoto. Kisha ita daktari au mtaalamu wa utrasaundi athibitishe.

Muda huo wa kusubiri ndio unaoharibiwa mara nyingi. Mama anaambiwa "mashine inasumbua" au "mtoto amelala", anapewa karatasi akapime kwingine, anaondoka peke yake bila kujua anakwenda kutafuta nini. Mwambie kilichopo: "Mama, sijasikia mapigo ya moyo ya mtoto. Daktari ataangalia kwa utrasaundi sasa hivi. Nipo na wewe." Muulize nani amemsindikiza, na huyo aitwe kutoka getini kabla majibu hayajatoka.

Habari apewe mama mwenyewe, akiwa na mtu wake. Usianze na mume au mama mkwe kwenye korido. Tumia neno lenyewe: "Mtoto wako amefariki." Maneno kama "hali si nzuri" au "hakubahatika" humwacha akiuliza kama mtoto atawekewa oksijeni. Ukishasema, nyamaza. Vuta kiti, kaa usawa wa macho yake, acha alie au anyamaze. Akiuliza jambo lile lile mara tatu, mjibu mara tatu kwa maneno yale yale. Mshtuko humfanya mtu asikie bila kushika.

Lipo kosa moja ambalo ni la kawaida kuliko yote, nalo hufanywa kwa nia njema: mama aliyetoka kwenye upasuaji kuambiwa mtoto yuko chumba cha joto, "apate nguvu kwanza". Mama huyo atajikokota na kidonda chake kwenda kumtafuta, au atakaa akikamua maziwa ya mtoto ambaye ameshazikwa. Siku akijua, hataamini tena neno lolote la wodi ile, pamoja na yale ya dawa, kidonda na kliniki. Mwambie mara anapozinduka kiasi cha kuzungumza, na familia ikikuomba ufiche, waeleze kwa upole kwa nini huwezi.

"Pole sana, mama" inatosha. "Utapata mwingine", "bado msichana", "afadhali hujamzoea", "bora kafa yeye kuliko wewe" ziache kabisa, kwa sababu kila moja inamwambia kwamba huyu aliyekufa hakuwa na uzito. Maneno ya imani nayo yatoke kwake kwanza. Akisema "kazi ya Mungu haina makosa", mpokee. Ukilianza wewe, linaweza kumfunga mdomo na machozi.

Wakati wa kujifungua

Wengi wakishajua mtoto hayupo husema, "Nitoeni tu kwa kisu." Eleza kwamba upasuaji ungeacha kovu kwenye mfuko wa uzazi na kuongeza hatari kwake na kwa mimba ijayo, ndiyo maana kujifungua kwa njia ya kawaida huchaguliwa kwanza isipokuwa kuna sababu ya kitabibu. Eleza pia kwamba mtoto aliyefia tumboni "hamuozeshi" mama kwa saa chache, kwani hofu hiyo huletwa na ndugu wa nje. Kama hatoki damu, chupa haijapasuka, hana homa wala presha, anaweza kupewa muda wa kupumua kabla ya kuanzishiwa uchungu. Kukaa wiki nyingi ndiko kubaya: baada ya kama wiki nne uwezo wa damu kuganda huweza kuharibika.

Dawa ya maumivu asinyimwe. Oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) uniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka ni ile ile, na ulinzi dhidi ya kutoka damu ni ule ule. Mama wa mtoto mfu huvuja damu kama mwingine, tena husahaulika kwa kuwa kila mtu ameinamisha uso na kuondoka kitandani pake.

Mwandae kwa ukimya. Mwambie kabla: "Akitoka hatalia. Ngozi yake inaweza kuwa imechubuka." Weka alama mojawapo mliyokubaliana wodini, kwa mfano kipande cha plasta ya rangi juu ya faili, ili mhudumu wa usafi, mwanafunzi au mgawa chai asiulize, "Mtoto yuko wapi?" Swali hilo likiulizwa na watu watano kwa siku moja, alama ile ya plasta ingekuwa imefanya kazi kubwa kuliko dawa ya usingizi.

Kumwona mtoto

Usimwamulie. Wala usimlazimishe. Muulize mara ya kwanza kabla ya kujifungua, mara ya pili baadaye, maana anayekataa akiwa na uchungu wengi wao hubadili mawazo. Mweleze mtoto alivyo, ndipo aamue: "Ni wa kike, ana nywele nyingi, midomo imekuwa myeusi, ngozi ya mguu imechubuka." Mama anayesimuliwa vizuri haogopi kama yule anayebaki na picha aliyoichora mwenyewe kichwani.

Kumwandaa kunakwenda hivi. Vaa glavu, tumia maji vuguvugu na pamba laini, na uguseguse badala ya kusugua. Ngozi ya mtoto aliyekaa tumboni saa kadhaa baada ya kufa huteleza kwa urahisi. Usivute kipande kilichoinuka, kilaze tu. Weka pamba kidogo puani kama panavuja. Mifupa ya kichwa inakuwa imelegea, kwa hiyo kiganja kimoja kikae chini ya kichwa muda wote na kofia ivalishwe mapema ili kushikilia umbo. Mfunge kwa kanga au kitenge alichokuja nacho mama mwenyewe, uso na mikono vikiwa nje, na palipochubuka pakiwa ndani. Kama kanga itashika kwenye ngozi mbichi, tanguliza kitambaa laini chenye unyevunyevu.

Mlete mikononi kama unavyomleta mtoto aliye hai. Asiletwe kwenye sinia la vyombo, ndoo, boksi au mfuko wa plastiki. Akae naye kadiri anavyotaka. Kukiwa na joto kali, mtoto arudishwe mahali pa ubaridi katikati na kuletwa tena. Kama ni pacha na mmoja yuko hai, muulize kama angependa kuwashika wote wawili pamoja.

Kabla ya maziko, muulize kama angependa kumbukumbu. Nyayo huchukuliwa kwa kidau cha wino wa muhuri wa ofisini: kausha unyayo, gusisha wino kidogo tu, kisha ilete karatasi kwenye mguu, karatasi ikiwa imeshikiliwa na kitu kigumu kwa nyuma. Wino ukizidi utapata doa jeusi lisilo na vidole. Picha zipigwe kwa simu ya familia, siyo yako. Andika pembeni tarehe, saa, uzito na urefu. Zipo familia ambazo imani au mila zao haziruhusu picha wala kukata nywele, na wengine hawataki kabisa. Ukishauliza mara moja kwa heshima, liache.

Maziko na karatasi

Katika familia nyingi kichanga huzikwa upesi na kimyakimya, mama akiwa bado kitandani. Shemeji anafika na kanga, anakabidhiwa mwili, anaondoka. Kabla ya kukabidhi, rudi kwa mama umuulize kama amemwona, kama anataka kumuaga, kama ana jina. Hiyo ni nafasi yake ya mwisho.

Familia ya Kiislamu itahitaji mambo mawili kutoka kwako kwa usahihi: umri wa mimba, na kama mtoto alionyesha dalili yoyote ya uhai. Aliyeonyesha uhai, hata kwa dakika chache, huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa. Aliyezaliwa bila uhai baada ya miezi minne, wanazuoni wametofautiana kuhusu kumswalia, na shehe wao ndiye atakayewaongoza. Usicheleweshe mwili kwa sababu ya saini. Wakatoliki wakiwa na mtoto aliye hai lakini anayekata roho, mtu yeyote anaweza kumbatiza kwa maji wazazi wakiomba. Aliyekwisha kufa habatizwi, ila padri anaweza kuja kumwombea.

Mimba ndogo iliyotoka isipelekwe kwenye shimo la kondo kabla ya kuuliza. Wapo wanaotaka kwenda kuzika wenyewe. Na mtoto aliyevuta pumzi kisha akafa aandikwe yote mawili, kuzaliwa na kufa. Kumwandika kama mfu ili kupunguza fomu ni kumfutia maisha yake.

Maziwa

Hapa ndipo mama wengi huachwa peke yao. Kondo likishatoka, homoni iliyokuwa ikizuia maziwa hushuka, na matiti hujaa siku ya pili hadi ya nne, mama akiwa ameshafika nyumbani. Inawahusu hata waliopoteza mimba ya wiki 16 na kuendelea. Asipoambiwa mapema, ataamka usiku nguo imelowa, bila kujua afanye nini.

Mwambie avae sidiria inayoshika vizuri mchana na usiku. Kujifunga kanga na kukaza sana, kama wengi wanavyoshauriwa nyumbani, hubana mirija na kuleta uvimbe na jipu. Aweke kitambaa kilichochovywa maji ya baridi sana kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Asikande kwa maji ya moto, asielekeze maji ya kuoga kwenye chuchu. Yakiuma sana, akamue kidogo mpaka maumivu yapungue, basi. Ndugu watamshauri akamue yote "yasioze ndani", lakini titi likimwagwa lote hupata ujumbe wa kutengeneza mengine. Maji ya kunywa asipunguze, hayazuii maziwa. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8 husaidia, au ibuprofeni pamoja na chakula kama hana vidonda vya tumbo wala tatizo la figo.

Mengi huisha ndani ya wiki moja hadi mbili. Homa, sehemu ya titi iliyo nyekundu, ya moto na ngumu, arudi siku hiyo hiyo. Dawa ya kukausha, kabegolini miligramu 1 mara moja, ni ya kuandikwa na daktari, na haimfai mwenye presha au aliyekuwa na kifafa cha mimba. Bromokriptini, dawa nyingine ya kukausha, isitumike kwa kazi hii. Wapo pia mama wanaotaka kukamua siku chache, kama njia ya kumuaga mtoto. Waachwe.

Kabla hajatoka wodini

Angalia majibu ya kaswende. Kama ni chanya, yeye na mwenzi wake watibiwe, maana ugonjwa huo unaweza kuua na mtoto ajaye. Angalia kundi la damu. Mwenye Rh hasi anahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto ajaye, ndani ya saa 72, na kama familia italazimika kuitafuta nje, iambiwe siku hiyo hiyo. Kondo likaguliwe na yaliyoonekana yaandikwe, kwa sababu "kwa nini?" ndilo swali atakalorudi nalo. Usimpe sababu ya kubahatisha. Akiuliza kama ni kwa kuwa alibeba maji au aligombana na wifi, mjibu waziwazi kwamba hilo halikumuua mtoto.

Uzazi wa mpango usiutaje saa ya kwanza, lakini usiache kuutaja. Asiyenyonyesha anaweza kupata mimba kabla ya wiki sita kwisha. Kijiti kinaweza kuwekwa kabla hajaondoka. Vidonge vyenye homoni mbili visubiri angalau wiki tatu.

Kwa mwajiriwa wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, na inaongeza siku nyingine 84 za malipo ndani ya mzunguko wa likizo (kipindi ambacho likizo huhesabiwa) mtoto akifa ndani ya mwaka mmoja tangu kuzaliwa. Wengi hurudi kazini mapema kwa kutojua.

Zungumza na baba peke yake, hata kwa dakika tano. Yeye ndiye aliyebeba mwili, aliyelipa, aliyepiga simu kijijini, na kila anayempigia humuuliza hali ya mama tu.

Ziara za baadaye

Mpangie siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya sita. Kusikia kilio cha mtoto usiku au kuhisi mikono mitupu ni kawaida. Kinachohitaji rufaa ni kutokula wala kulala, kusikia sauti zinazomwamrisha, au kusema afadhali amfuate mtoto. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua; swali hilo halimpi wazo. Akisema ndiyo, asirudi nyumbani peke yake.

Siku ya kuja asipange foleni kwenye benchi la wenye watoto. Mpe saa baada ya kliniki ya chanjo kwisha, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kadi yake andika, kwa mwandiko unaosomeka, "Mtoto amefariki", pamoja na jina la mtoto kama alipewa, ili wa mapokezi asimwambie atoe kadi ya mtoto.