Jeli ya papai kwenye mifuko ya fizi: namna ninavyoitumia

Papeini hutoka kwenye utomvu wa papai bichi, bromelaini kwenye nanasi. Vimeng'enya hivi hukata protini, ndiyo maana jeli yake hulegeza nyama iliyokufa na utando wa bakteria ndani ya mfuko wa fizi, yaani ile nafasi kati ya ufizi na jino. Ugaga, ule ukoga uliokwisha kuwa jiwe, haiuwezi, kwa sababu ule ni madini. Ukiweka jeli juu ya ugaga umempotezea mgonjwa dawa na muda.

1. Uliza. Usiishie kwenye "una mzio?", wengi hujibu hapana. Mama mmoja alinijibu hivyo hivyo, nilipotaja papai akashtuka: "Hilo silili daktari, midomo huvimba." Hakupata jeli. Taja papai, nanasi, kiwi na glavu za mpira, kimoja kimoja. Uliza pia dawa za kuzuia damu kuganda. Silegezi hapa: mwaka 2008 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza hatua dhidi ya dawa za kupaka zenye papeini zisizoidhinishwa, baada ya taarifa za mzio mkali, wengine shinikizo la damu likishuka.

2. Pima kina cha mfuko sehemu sita kuzunguka kila jino, uandike. Milimita 1 hadi 3 bila damu, acha. Jeli ni ya mifuko ya milimita 4 na kuendelea.

3. Piga ganzi, kwangua ugaga. Kazi yenyewe ndiyo hii. Endelea mpaka ncha ya kifaa iteleze juu ya mzizi bila kukwaruza popote. Osha kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Haidrojeni peroksaidi iache kabatini, huizima papeini.

4. Weka jeli. Zungushia pamba, kausha. Shusha sindano butu taratibu hadi ukingo wa chini wa mfuko, ikigoma usilazimishe. Minya huku ukiivuta juu. Jeli ikichungulia kwenye ukingo wa ufizi, basi, imetosha. Muda wa kuiacha hutofautiana, fuata karatasi ya mtengenezaji. Tumia iliyotengenezwa kwa ajili ya kinywa tu. Utomvu mbichi huchubua, na nawasihi msimruhusu mgonjwa ajipake nyumbani.

5. Mwelekeze mgonjwa. Mpe kioo, mpe mswaki laini, apige mswaki mbele yako. Mwonyeshe na namna ya kusafisha katikati ya meno. Akivuta sigara mweleze wazi kwamba fizi zake zitapona polepole zaidi.

6. Pima tena baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, maana ufizi bado unajishikiza kwenye jino na kipimo kitauchana. Linganisha na namba za mwanzo. Mfuko uliobaki na milimita 5 au zaidi huku ukitoa damu mara nyingi umeficha ugaga ulioupita, kwa hiyo rudi kwenye hatua ya tatu. Ukigoma tena, mpeleke kwa bingwa wa fizi.