Namna ya Kuzuru Santiniketan na Kuielewa
Anayetaka kuielewa Visva-Bharati, chuo kikuu alichokianzisha mshairi Rabindranath Tagore mwaka 1921 huko Santiniketan, Bengal Magharibi, India, na aanzie Chhatimtala, ambako Debendranath, baba yake, alikuwa akitafakari chini ya miti. Usichague Jumatano, kwa kuwa ni siku ya mapumziko, nawe utakosa kuona wanafunzi wakifundishwa nje, vivulini mwa miembe. Ulizia mapema sehemu ambazo wageni wanaruhusiwa kuingia. Muda mwingi utumie Kala Bhavana, chuo cha sanaa: isogelee sanamu ya familia ya Kisantali, yaani ya Wasantali, jamii ya wenyeji wa mashariki mwa India, aliyoiunda Ramkinkar Baij mwaka 1938 kwa saruji na kokoto, umtazame baba aliyebeba mzegazega, huku mbwa wao akiandamana nao. Ukwaruzo wa sanamu hiyo, kwa maoni yangu, huieleza Santiniketan kuliko jengo lolote.