Somo: kutoa kipande cha magitaa mawili kwenye shairi la mizani (silabi) 16 kwa mshororo

Haya wadau wa nyuzi, wengi mmeniuliza pembeni mtu anatoaje muziki wa magitaa mawili kwenye shairi bila kuimba neno hata moja, basi leo naweka yote hapa. Nianze na msimamo wangu kabisa: hatufuati picha za shairi, tunafuata umbo lake. Shairi likitaja bahari watu wanakimbilia arpejio (nota zinazofuatana moja moja) za mawimbi, likitaja ndege wanapiga hamoniki (zile nota nyembamba za kugusa uzi tu) tii tii, na mwisho wa siku vipande vyote vinafanana. Na shairi letu la Kiswahili limeshagawanywa mara mbili tayari, ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili), sasa unatafuta nini tena?

Hatua ya 1: shairi lenyewe
Chagua la mizani 16, yaani 8 kwa 8, lenye vina vya kati na vya mwisho. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ziko huru, alifariki 1840. Ukitaka la mshairi aliye hai muombe ruhusa, hapa Kenya hakimiliki inakaa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Beti mbili tatu zinatosha. Ama ujitungie, kama hivi:

Mvua yagonga mabati, nalala nikisikia
Kiza kingi katikati, taa zimejizimia

(Watu wa Rongai, hii ya taa kuzimika ni stori ya kila wiki.)

Hatua ya 2: someni kwa sauti
Wewe soma ukwapi, mwenzako utao, mrekodi kwa simu. Someni kama watu wanaoongea, si ile ya tamasha za shule na mikono hewani.

Hatua ya 3: mkazo, na hapa msiharakishe
Kila mizani ipe kwava moja (nota ya nusu pigo), kipande cha mizani 8 kikae kwenye baa moja (mapigo manne). Halafu piga kofi pale sauti inapoegemea tu. Kwa Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo mVUa yaGOnga maBAti inakupa makofi kwenye mizani ya 1, ya 4 na ya 7. Hesabu hiyo: 3, 3, 2. Hiyo ridhimu iko kwenye ngoma kibao na hatujaitafuta popote, imetoka yenyewe kwa maneno! Sasa utao wake, naLAla nikisikIa, mkazo ni mizani ya 2 na ya 7 peke yake, katikati hapo kuna nota nne zinakimbia bila kuegemea popote. Kwa hiyo gitaa la kwanza linadunda, la pili linateleza, na tofauti hiyo ndiyo mazungumzo yenyewe. Mshororo wa pili, kiza kingi katikati, makofi ni 1, 3, 7, ridhimu imeshabadilika kidogo, na ndivyo tunavyotaka, msiilazimishe irudi 3, 3, 2 ati kwa sababu imewanogea.

Angalia pia kila kipande kinaegemea mizani ya 7 halafu ya 8 inaanguka. Kina kiko kwenye ile inayoanguka. Mkiimaliza kwa nguvu itasikika kama wimbo wa gwaride.

Hatua ya 4: vina viwe nota
Kina cha kati kipe mwendo mmoja usiobadilika, cha mwisho kingine. Mimi natumia F kwenda E kwenye uzi wa kwanza (freti ya 1, halafu uzi wazi) kwa kile cha -ti, na B kwenda A kwenye uzi wa 5 (freti ya 2, halafu wazi) kwa -ia. Nimechagua nyuzi wazi makusudi: E ya gitaa la kwanza inaachwa ilie wakati la pili linaingia, hakuna shimo katikati ya mshororo. Lakini ile A ya chini usiiache, mshororo mpya ukianza rudisha kidole gumba cha mkono wa kulia uguse uzi wa 5 unyamaze, vinginevyo kila kitu kinakuwa matope. Nota zingine zote katikati ni uhuru wako.

Hatua ya 5: kibwagizo (mshororo unaorudiwa kila ubeti)
Magitaa yote mawili pamoja, melodi moja, moja juu oktavu. Hakuna kodi (nota kadhaa zikipigwa kwa pamoja). Baada ya kujibizana muda wote huo, umoja huo unatosha.

Hatua ya 6: rangi
Ubeti wa kwanza chunia karibu na tundu la gitaa, wa pili sogea karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao) sauti iwe kali. Kupiga ubao wa gitaa ati ni mabati, tafadhali, mara moja kama lazima.

MASWALI

Mdau wa Umoja: Mwalimu, mvua si ni mizani tatu? m-vu-a?
Jibu: Hapana, ni mbili, mvu-a. Hiyo m haisimami peke yake kama ya m-tu ama m-vulana. Ukihesabu tatu ukwapi unakuwa na 9 na baa inafurika.

Nyuzi Sita: Mimi niko na gitaa la waya, mwenzangu la nailoni. Itawezekana?
Jibu: Inawezekana ila waya utammeza. Wewe piga kwa nyama ya kidole, si kucha, na ukae karibu na tundu. Na asikudanganye mtu uweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la klasiki, mvuto wake ni mkubwa sana, daraja litang'oka.

Dada wa Kayole: Tunaweza kuweka msomaji asome shairi tukipiga?
Jibu: Ndiyo, na si jambo geni. Mtunzi wa muziki Mario Castelnuovo-Tedesco mwaka 1960 aliandika vipande 28 vya gitaa na msimulizi juu ya maandishi ya mshairi Juan Ramón Jiménez. Lakini hiyo ni kazi tofauti dada yangu, msomaji akiwepo magitaa yapungue, maana mkazo ameshaubeba yeye. Hapo bora asome ubeti mzima kwanza, halafu mpige.

Kijana wa Ngara: sisomi nota hata moja, nifanyeje
Jibu: Andika mizani zako kwa mstari, chini ya kila moja weka namba ya uzi na ya freti. MuseScore, programu ya kuandika nota, ni ya bure, ukiingiza itakuchezea usikie kabla hujamsumbua mwenzako.

Mdau wa Umoja: Na utenzi je? Ule wa mizani 8 hauna utao.
Jibu: Swali zuri. Hapo gawaneni kwa mishororo: wa kwanza wako, wa pili wake, wa tatu wako. Hiyo mitatu ina kina kimoja kwa hiyo mwendo wa mwisho ni ule ule. Mshororo wa nne pigeni wote wawili, sababu kina chake ndicho kinachorudi kila ubeti mpaka utenzi uishe, na msikibadilishe nota hata mkifika ubeti wa 20.