Jinsi ya Kuomba Cheti cha Dispacha wa Ndege Nchini Marekani

Dispacha ni mratibu anayekaa katika chumba cha uendeshaji cha shirika la ndege, akipanga njia, mafuta, uzito na kiwanja cha akiba (cha kutua ikiwa kile kilichokusudiwa hakifai) cha kila safari. Kwa sheria ya Marekani, dispacha na rubani kiongozi wanabeba dhamana moja juu ya matayarisho ya safari ya ratiba, na idhini ya safari hutiwa saini na wote wawili. Mmoja akiona kwamba ndege haiwezi kwenda salama, safari huahirishwa au kufutwa. Ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu asiye na cheti cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA. Waombaji wengi huogopa mtihani, lakini mimi nimeona watu wakikwama zaidi kwenye majina na tarehe, kwa kuwa kila karatasi ya maombi haya ina muda wake wa kuisha.

Anza na umri. Mtihani wa maandishi unaruhusiwa kwa aliyetimiza miaka 21, ila cheti chenyewe hakitolewi kwa mtu aliye chini ya miaka 23. Kijana wa miaka 21 au 22 anaweza kusoma na kufaulu kila kitu, akapewa barua ya kuthibitisha ufaulu wake, kisha akaomba cheti siku zake zikitimia. Mwombaji lazima pia aweze kusoma, kuzungumza, kuandika na kuelewa Kiingereza. Shahada ya chuo kikuu haihitajiki, wala cheti cha afya kama kile cha marubani.

Hatua ya kwanza ya kiofisi ni kujisajili katika mfumo wa FAA uitwao IACRA, ambao hukupa namba ya utambulisho, FTN. Bila namba hiyo huwezi kuwekewa nafasi ya mtihani. Hapa nawasihi wasomaji wa kwetu wawe waangalifu kupita kiasi. Mtu ambaye nyumbani ni Asha Juma, kwenye cheti cha shule ni Asha Juma Hamisi, na baada ya ndoa akaongeza jina la mume, huenda akajikuta ana majina matatu katika mifumo mitatu. Jisajili kwa jina lililo kwenye pasipoti au kitambulisho utakachokwenda nacho mtihanini, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, hata kama mpangilio huo haukupendezi. Mwenye anwani ya nje ya Marekani asiye na makazi ndani ya nchi hiyo anatakiwa, tangu Januari 2025, kumteua wakala aliye Marekani wa kupokea nyaraka za FAA kwa niaba yake. Wakala huyo awe na anwani halisi ya mahali anapopatikana. Sanduku la posta halikubaliki.

Hatua ya pili ni mafunzo. Sheria inataka kozi iliyoidhinishwa na FAA isiyopungua saa 200, na shule nyingi huzibana saa hizo katika wiki tano au sita za darasani kutwa nzima. Kabla ya kulipa, hakikisha kwamba shule hiyo imo katika orodha ya kozi zilizoidhinishwa, kisha uliza kama ada ya mtahini wa mtihani wa vitendo imo ndani ya bei au utailipa kando, kwa sababu jambo hilo mara nyingi halitajwi mpaka wiki ya mwisho. Aliyewahi kuwa rubani, mwongoza ndege au mtaalamu wa hali ya hewa anaweza kupunguziwa sehemu ya saa hizo, au kuomba kwa njia ya uzoefu, akithibitisha kuwa ameifanya kazi inayotambuliwa kwa angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia maombi.

Mtihani wa maandishi, ujulikanao kwa kifupi ADX, hufanyika katika vituo vya kampuni ya PSI. Una maswali 80, muda wake ni saa tatu, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Aliyeshindwa husubiri siku 30 ndipo arudie, isipokuwa awe na maelezo yaliyotiwa saini na mtu mwenye cheti cha dispacha kwamba amempa mafunzo ya ziada na sasa yuko tayari.

Ili msomaji aone maswali yanavyouma, tuchukue safari ya ndani inayotarajiwa kutua Chicago saa 1800 kwa saa za dunia. Dispacha huangalia utabiri kuanzia saa 1700 hadi saa 1900. Ikiwa ndani ya muda huo kimo cha chini cha mawingu kitashuka chini ya futi 2,000 juu ya kiwanja, au uoni utapungua chini ya maili 3, lazima ataje kiwanja cha akiba, tuseme Milwaukee. Mafuta nayo yahesabiwe ya kufika Chicago, ya kutoka hapo hadi Milwaukee, na ya dakika 45 nyingine kwa mwendo wa kawaida. Mtego uko katika mstari wa pili wa utabiri. Mstari wa kwanza unasema mawingu yako futi 4,000, na mwanafunzi anapumua; wa pili, unaoanza na neno TEMPO, unasema kwamba kati ya saa 1600 na 2000 yatashuka kwa vipindi hadi futi 1,500. Mstari huo wa pili ndio unaoamua. Na sisi tuliozoea kuita saa 1800 saa kumi na mbili tujifunze mapema kusoma na kutamka muda kwa mtindo wa saa 24, maana mbele ya mtahini ulimi huteleza.

Matokeo ya ADX yanafaa kwa miezi 24, lakini hati ya kuhitimu kozi ina uhai wa siku 90 tu. Zikipita kabla hujafanya mtihani wa vitendo, shule inaweza kuihuisha kwa siku 90 nyingine, ikiwa tu imejiridhisha kwamba bado uko mahiri. Kwa hiyo usihitimu kwanza ndipo uanze kumtafuta mtahini. Panga tarehe yake ukiwa bado darasani.

Siku ya mtihani wa vitendo nenda na fomu namba 8400-3 iliyojazwa, matokeo halisi ya ADX, hati ya kuhitimu na kitambulisho. Mtahini atakuhoji kwa mdomo, kisha utaandaa mpango kamili wa safari kwa aina moja ya ndege kubwa, ukitetea kila uamuzi wako kuhusu hewa, uzito na mafuta. Ukifaulu, utapewa cheti cha muda cha siku 120 wakati kadi ya kudumu ikitayarishwa. Kabla hujaondoka mezani, soma jina na anwani kwenye cheti hicho cha muda.

Maombi ya kazi yanafuata utaratibu wa kila shirika, na wengi huanzia katika mashirika madogo ya kikanda. Dispacha ni miongoni mwa wanaopimwa dawa za kulevya kabla ya kuajiriwa, na bangi hugharimu kazi hata katika jimbo ambalo sheria zake zinairuhusu.

Asiye na uwezo wa kulipia kozi kwa sasa anaweza kuingia kupitia dawati la rosta, yaani upangaji wa zamu za marubani na wahudumu wa ndege, ambako cheti cha FAA hakihitajiki. Huko atazijua kanuni za uchovu kwa vitendo: rubani hapangiwi zamu bila mapumziko ya saa 10 yanayompa nafasi ya kulala saa 8, wala haruhusiwi kuruka zaidi ya saa 100 katika siku 28 au saa 1,000 katika siku 365. Dawati hilo kwa kawaida huwa karibu na la madispacha, na anayelikalia husikia kila siku jinsi safari inavyokufa kwa kukosa rubani mwenye saa zilizobaki.

Anayekusudia kurudi Tanzania au Kenya aelewe kwamba kadi ya FAA peke yake si leseni huko. Itabidi aombe kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, na viwango vya kimataifa vya leseni hii vinataka mwombaji awe ametumikia chini ya usimamizi siku 90 za kazi ndani ya miezi sita iliyotangulia maombi. Omba barua ya mwajiri inayozitaja siku hizo kwa tarehe, nawe uipate kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi.