Leseni ya mchezo wa mezani ikiisha: wahi faili kwanza, lawama baadaye

Tangazo lenyewe huwa fupi. Mchapishaji wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule unaochezwa mezani kwa vitabu na dadu, anashukuru wachezaji, anasema mkataba wake na wenye filamu au riwaya umefika mwisho, anataja tarehe, basi. Mashabiki nao wanaanza kulumbana nani kamtema nani. Malumbano hayo yasubiri. Leseni ni kukodi jina: ina muda, ina ada, na mara nyingi ina mrabaha wa chini, yaani fungu la mwenye jina, unaolipwa hata vitabu vikilala ghalani. Muda ukiisha, mchapishaji hawezi tena kuuza chochote chenye jina lile, hata kama kanuni zote za mchezo kazitunga yeye. Ombi lenye sahihi elfu kumi halifufui mkataba. Utabaki na ulichokiwahi.

Soma tangazo ukitafuta tarehe tatu, maana watu huzichanganya: mwisho wa kuchapa, mwisho wa kuuza na mwisho wa kupakua. Ya kwanza mara nyingi imeshapita siku tangazo linapotoka. Ya pili inategemea kama mkataba unaruhusu muda wa kumaliza mabaki, na muda huo hauna kawaida moja. Kampuni ya Fantasy Flight Games ilipoachana na Games Workshop, wenye Warhammer, ilitangaza Septemba 2016, na mauzo yakakoma mwisho wa Februari 2017, yaani miezi mitano hivi. Waliokuwa wakicheza Marvel Heroic Roleplaying, iliyotoka 2012, hawakubahatika hivyo: Aprili 2013 walipewa siku chache tu kununua PDF kabla hazijaondolewa. Tarehe ya tatu mara nyingi haitajwi kabisa. Isipotajwa, ihesabu kuwa ni leo.

Faili

Anza na vya bure. Wengi hukimbilia walivyovilipia, kumbe hivyo ndivyo vyenye usalama zaidi: duka kama DriveThruRPG kwa kawaida hukuachia ulichonunua kwenye maktaba ya akaunti yako hata baada ya kuondolewa sokoni. Karatasi za wahusika, masahihisho, ramani na visa vya utangulizi vilivyowekwa kwenye tovuti ya mchapishaji havina risiti yoyote ya kuvilinda. Ukurasa ukifutwa, navyo vimekwenda. Vipakue usiku huohuo, kisha ndiyo ugeukie ulivyonunua.

Kitabu unacho cha karatasi? Pakua PDF yake hata hivyo ikiwa unayo haki ya kuipata. Toleo la mwisho la PDF aghalabu limeshaingiziwa masahihisho ambayo kitabu cha rafuni hakina.

Fungua kila faili, ruka hadi ukurasa wa mwisho, kisha tafuta neno moja ndani yake. Kitabu kikuu chenye picha za rangi mara nyingi hufika megabaiti 100 au zaidi, hivyo ukikuta kimoja kina megabaiti 3, upakuaji ulikatikia njiani. Weka nakala tatu kwenye vifaa vya aina mbili, na moja isiwe nyumbani kwako. Flashi isiwe hifadhi pekee, kwa sababu ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza data. Na usizigawe faili hizo ovyo: PDF nyingi zina jina la mnunuzi au namba ya oda chini ya kila ukurasa.

Wanaochezea meza ya mtandaoni, yaani programu ya kuchezea mkiwa mbalimbali, wana mtego wao. Kama maudhui yanakaa kwenye seva ya kampuni, huna faili mkononi, una ruhusa tu. Fungua kampeni yako, hamisha kila kinachokubali kuhamishwa, na karatasi za wahusika zigeuze kuwa PDF moja moja. Kama programu inakaa kwenye kompyuta yako, kama Foundry, moduli (kifurushi cha maudhui) uliyokwisha kuisakinisha itaendelea kufanya kazi. Kosa linalowaumiza wengi ni kusasisha programu kuu miezi kadhaa baadaye: moduli isiyo na mtunzaji huvunjika kwenye toleo jipya, na la zamani wameshalifuta. Nakili folda nzima ya data kabla ya kugusa kitufe cha kusasisha, au usikiguse kabisa.

Ununue nini

Usianze na kitabu kikuu. Ndicho kilichochapwa kwa wingi, na kitaendelea kupatikana mikononi mwa watu kwa miaka. Vinavyoadimika mapema ni vitabu vya nyongeza vya mwishomwisho, vilivyochapwa kidogo wakati mauzo yameshalegea, pamoja na vitu visivyo vitabu: karata, skrini ya mwendesha mchezo (kadibodi ya kufichia maelezo yake), na dadu zenye alama badala ya namba. Jiulize swali moja tu: bila hiki, kikao kijacho kitakwama? Kama hakikwami, acha bei ya hofu ipoe. Wiki mbili za kwanza baada ya tangazo ndipo walanguzi wanapovuna.

Dadu za alama zikikosekana

Hapa ndipo watu hulia bure. Dadu ya alama ni dadu ya kawaida iliyobandikwa jedwali. Chukua zile za Star Wars ya Fantasy Flight. Dadu ya kijani, ya uwezo, ina pande 8, nawe unaweza kurusha ya namba na kuisoma hivi:

1: tupu
2 na 3: mafanikio
4: mafanikio mawili
5 na 6: faida
7: mafanikio na faida
8: faida mbili

Ya zambarau, ya ugumu, nayo ni ya pande 8, ila haikupangwa kama kioo cha ile ya kijani: 1 tupu, 2 kushindwa, 3 kushindwa mara mbili, 4 hadi 6 tishio, 7 tishio mara mbili, 8 kushindwa na tishio. Ndiyo maana mchezo huu hutoa mafanikio yenye madhara mara kwa mara. Anayenakili mpangilio wa kijani kwenye zambarau kwa kudhani ni kinyume chake tu, anaharibu uwiano wote.

Kusoma jedwali kunachosha dadu zikizidi tano, kwa hiyo bandika stika. Futa dadu kwa spiriti kwanza, maana mafuta ya vidole ndiyo yanayozibandua. Kata pembetatu iwe ndogo kuliko upande kwa milimita moja kila pembeni, la sivyo kingo zitainuka baada ya kurusha mara chache. Pakiti ya asili ina dadu 14, zikiwemo za kijani 3 na za zambarau 3, na hiyo haimtoshi hata mhusika mwenye uwezo wa 4, anayeweza kurusha kijani 4 kwa mara moja. Tengeneza kijani 5 na zambarau 5. Mwenye dadu za Genesys, mchezo ndugu wa Star Wars hiyo, hana haja ya stika kwa rangi hizi: mgawanyo wa pande ni uleule, michoro tu ndiyo tofauti.

Kanuni si jina

Leseni inayokufa ni ya jina, wahusika na picha. Chini ya sheria ya hakimiliki ya Marekani, namna ya kuucheza mchezo hailindwi. Yanayolindwa ni maneno yaliyoieleza na michoro. Ndiyo maana mfumo wa D6, wa dadu za pande sita, ambao kampuni ya West End Games iliutumia kwenye Star Wars mwaka 1987, haukuzikwa pamoja na leseni mwishoni mwa miaka ya 1990. Uliendelea bila jina lile, baadaye ukafunguliwa kwa yeyote, na kitabu chenyewe cha Star Wars kikachapwa upya 2018 na mwenye leseni mwingine.

Mezani kwenu chezeni mnavyotaka. Ukitaka kuchapisha nyongeza yako, andika kanuni upya kwa maneno yako, ondoa majina yote ya ulimwengu ule, na angalia kama mfumo una leseni huria yake. Kubadili herufi moja ya jina la sayari si kuondoa jina.

Usiuze rafu yako eti mwenye leseni mpya anakuja. The One Ring, mchezo wa ulimwengu wa Tolkien, ilitoka kwa mchapishaji Cubicle 7 ikaenda kwa Free League, ikapata toleo la pili lenye kanuni zilizobadilishwa, na visa vya zamani havikuingia humo bila kazi ya mikono.

Kama ulichangia pesa mapema ili kitabu kichapwe, na hakijafika, mwandikie mchapishaji sasa, kabla ya tarehe ya mwisho wa kuuza, kwa maswali matatu yenye jibu la ndiyo au hapana: kitabu kimeshapelekwa kiwandani? Mkataba unaruhusu kukisafirisha baada ya tarehe hiyo? Kisipochapwa, pesa inarudi? Lipate jibu kwa maandishi, likiwa na namba yako ya oda.